Mwenye Zipu Imara

Kwa miaka tisa alikaa kwenye dirisha la chumba chake cha mbele, cherehani mbele yake, akibadilisha zipu za mabegi na majaketi ya watu. Mtaa mzima ulimwita Bi Zipu. Biashara yenyewe aliipa jina Zipu Imara, akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya dirisha kwa mkono wake mwenyewe.

Basi shule ya jirani ikataka awashonee wanafunzi wote mabegi, ila kwa sharti moja: biashara iwe imesajiliwa. Bi Zipu hakuwa mtu wa maofisi. Akamwomba shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa mashati yaliyonyooshwa na kujuana na makarani, akamwulizie utaratibu. Akamwandikia jina la biashara kwenye kikaratasi.

"Bado wanashughulikia, shemeji," shemeji huyo akawa anamjibu kila akiulizwa. "Mambo ya serikali hayo, vuta subira."

Wiki ya nne subira ikamwisha Bi Zipu. Akajitanda kanga, akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya usajili. Karani, binti mwenye miwani, akabofya kompyuta, kisha akakunja uso.

"Jina hili lina mwenyewe, mama. Limesajiliwa wiki tatu zilizopita. Mmiliki pekee."

Akamgeuzia skrini. Bi Zipu akasoma jina la shemeji yake, herufi kwa herufi. Damu ikamchemka.

"Mmiliki wa nini? Huyu hata kutunga uzi kwenye sindano hajui!"

"Mimi naona kilichoandikwa tu, mama. Aje mwenyewe ajaze fomu ya kuliacha jina, asaini. Vinginevyo upeleke malalamiko, na hayo yana safari ndefu."

Alifika nyumbani akamkuta shemeji huyo huyo kwenye kochi lake, anakunywa chai yake, anapiga soga na mumewe.

"Nilikuwa nakuhifadhia tu," alisema alipobanwa, wala hakuweka kikombe chini. "Mwanamke akiandikwa yeye, maafisa watamsumbua. Kwani si vyote ni vya nyumba moja?"

Mume akakohoa. "Yaishe basi, mke wangu. Huyu ni ndugu."

"Ndugu gani ananiibia nikiwa macho?"

Hapo hapo mwalimu mmoja akabisha dirishani, jaketi mkononi, zipu imeng'oka. Bi Zipu akainuka, akavuta kiti cha cherehani.

"Mwalimu, leo una bahati, mwenye biashara yupo. Shemeji, kiti chako hiki. Mteja anasubiri."

Shemeji akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akamtazama kaka yake, kaka akatazama sakafu, ikabidi akae. Akakanyaga pedali kama anayeua mende. Kitambaa kikajikunja, uzi ukakwama, sindano ikakatika ndani ya kola.

"Mwenye biashara gani huyu?" Mwalimu akamnyang'anya jaketi lake. Nyuma yake majirani wawili walikuwa wamekwisha kusimama, mikono kiunoni, macho kodo.

Ndipo mume akapata sauti, akamgeukia mdogo wake. "Kesho asubuhi unakwenda kusaini. Usinitie aibu zaidi ya hii."

Kesho yake shemeji akaenda na Bi Zipu, akasaini bila kumtazama mtu. Karani akamsogezea Bi Zipu fomu mpya.

"Mmiliki?"

"Mimi."

"Kuna mwenza?"

"Hakuna. Mimi peke yangu." Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, kalamu ikakaribia kutoboa karatasi. Karani akagonga mhuri, akampa cheti.

Kwenye ngazi shemeji akamngoja. "Haya, sasa umefurahi?"

"Nifurahie nini? Kitu changu mwenyewe nimekihangaikia kama vile mwizi ni mimi." Akampita. "Na chai utakunywa kwako."

Akashika njia ya shule, cheti kwenye bahasha kifuani, hasira bado haijamtoka.