Hariri Ndani ya Plastiki

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Benga alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya mianzi ya nyumba kuu ya ukoo, akikata kamba ya mfuko wa plastiki kwa meno, na kabla hajaona chochote pua ilishamwambia. Harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Akaingiza mkono. Hariri ilikuwa baridi, yenye majimaji, kama paji la mtoto ambaye homa imemshuka sasa hivi. Alipoivuta, ikatoka vipande viwili.

Nje, wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wameanza kushuka kwenye lori.

Kitambaa kile kilitoka Gujarat, kule India, zamani, kabla kisiwa hiki cha Lembata, Indonesia, hakijamwona padre wa kwanza. Kilikuja na merikebu za wafanyabiashara, kikabadilishwa kwa magogo ya msandali. Tangu hapo hakuna binti wa ukoo aliyekwenda kwa mume bila kutandikwa kitambaa hicho begani, kwa muda wa sala tu, kisha kinarudi kapuni. Na kapu lilining'inia siku zote juu ya moshi wa jiko.

Lakini msimu wa mvua uliopita Benga aliona panya wawili wakitembea juu ya boriti, na usingizi ukamhama. Yeye ndiye mtunzaji, na Ose ndiye binti yake wa pekee. Akakitoa kitambaa kapuni, akakitia kwenye mfuko mzito wa plastiki pamoja na vidonge vya kufukuza nondo, akafunga, akafunga tena. Alikifunga vile mama mwenye hofu anavyomfunika mtoto blanketi mpaka mtoto akose pumzi. Enyi mliorithi vitu vya zamani, msifanye hivyo hata kidogo! Moshi uliokuwa ukikikausha haukukifikia tena, na jasho lake chenyewe likakila.

"Shemeji, mbona kimya? Wamefika." Kopong, ndugu wa marehemu mumewe, alichungulia mlangoni akiwa na kibuyu cha tembo la mnazi. Akaona. Kibuyu akakiweka chini taratibu. "Mungu wangu."

"Kimekatika."

"Paza sauti basi, wakusikie mpaka kijijini kwao." Akachuchumaa. "Sikiliza. Kunja. Upande mzima juu, uliooza chini. Tunamtandika binti haraka, sala fupi, kinarudi kapuni. Nani atachungulia?"

"Mama mkwe alisema, binti akitandikwa kitu kwa kuficha, mtoto wake wa kwanza hakai."

"Mama huyohuyo alisema pia huyu mnyama hapa ni nguruwe mwenye mkia mbele."

Mnyama yuleyule, mnene, mwenye kitu kirefu kinachoning'inia usoni, alipita safu kwa safu kwenye hariri nyekundu. Benga alikuwa amemfuma kwenye kitambaa chake mwenyewe, kile cha pamba ambacho upande wa binti unapaswa kuwapa wakwe. Alifunga nyuzi fundo kwa fundo kama mama mkwe alivyomfundisha, akazichovya kwenye nili, akazikausha, akazichovya kwenye rangi nyekundu ya mizizi, siku zote akiangalia mtu yeyote asigombane karibu na chungu, rangi isije ikakataa. Kila mkono ulipompokea mnyama yule ulimbadilisha kidogo. Kwa Benga alikuwa ameota pua kama omo, ile ncha ya mbele ya mtumbwi.

Mkunjo ulikuwa rahisi. Alijaribu mara moja, na kweli, juu kitambaa kilionekana kizima, kinang'aa. Kilichobaki ni kunyamaza tu.

Katika chumba cha ndani Ose alikuwa anasukwa nywele. "Mama, unatetemeka."

"Baridi."

"Na jua lote hili? Mama, kuna nini? Wamekataa?"

Benga alimtazama tumboni, pale ambapo mwezi huu au mwakani patakuwa na mtu. Akageuka, akaufungua ule mkunjo.

Uani wanaume wanne walikuwa wameshatua pembe ya ndovu iliyoviringishwa kwenye shuka la msuri. Mahari ya hapa ni pembe, hata kama kisiwa kizima hakina mtu aliyewahi kumwona mwenye pembe akipita. Bibi Lipat, shangazi wa bwana harusi, alikuwa amekaa mbele ya wote akitafuna tambuu, vidole vyake vya bluu mpaka kwenye kucha. Mfumaji. Kati ya wote waliokuja, huyu ndiye ambaye macho yake yasingedanganyika. Huyu pia ndiye ambaye angeweza kuwainua watu wake wakarudi.

Benga alisimama na kipande kimoja kwenye kila kiganja.

"Kimekatika," alisema. "Hakikuliwa na panya, wala hakikuibiwa. Ni mimi. Nilikiogopea nikakifungia, kikaoza. Shemeji ameniambia nikikunje msione..."

"Mimi tena!" alisema Kopong.

"...na nimekikunja kweli. Lakini simtandiki mwanangu uongo begani. Mkitaka kurudi na pembe yenu, sina neno la kuwazuia."

Hata aliyekuwa akiponda mahindi nyuma ya nyumba aliacha. Laba, bwana harusi, aliangalia miguu yake.

Bibi Lipat akatema tambuu, akainuka, akakichukua kipande kimoja kwa ncha za vidole. Akakigeuza. Akakisogeza kwenye jua.

"Waliokifuma wamefunga mtande, nyuzi za urefu," alisema. "Na mshindio pia, nyuzi za upana. Vyote viwili, halafu wakavikutanisha kwenye kitanda cha kufumia."

"Ndiyo, bibi."

"Sisi mtande peke yake unatutoa machozi. Watu hawa walikuwa na subira ya wendawazimu." Akasogeza macho kwa yule mnyama. "Na huyu?"

"Nguruwe," alisema Kopong.

"Nguruwe babu yako! Huyu si ndiye mwenye pembe? Nimemwona kwenye televisheni ya padre, anajimwagia maji kwa pua." Watu wakaanza kucheka, naye akageuka kwa wale wanaume wanne. "Haya, fungueni hiyo pembe. Igeuzeni."

Hawakusogea.

"Shangazi," alinong'ona Laba.

"Igeuzeni nimesema! Mwenzenu amesema lake mbele ya watu, nyie mnakalia lenu?"

Wakaigeuza. Upande wa chini wa pembe palikuwa na ufa mrefu, umejazwa nta ya nyuki na kupakwa masizi ufanane na uzee. Ulikuwa umezibwa kwa ustadi, lakini jua lilikuwa limeshaanza kuiyeyusha nta.

"Njia nzima nilikuwa nasali msiiguse," alisema Bibi Lipat.

"Kumbe mlituletea pembe ya nta!" Kopong alipiga paja.

"Na wewe ulitaka kutupa nguruwe wa ukungu. Kaa chini, umimine tembo."

Benga alijikuta ameketi chini. Mtu akampa maji, akanywa, akamshika Bibi Lipat mguu. Bibi naye hakuuondoa mguu wake. Alikuwa amefunua kile kitambaa cha pamba, anafuata mafundo kwa kidole.

"Huyu wako ana omo."

"Wangu anaelea kidogo, bibi."

"Amesafiri huyo, lazima aelee. Haya, mleteni binti. Kila bega kipande chake."

Ose alitandikwa hivyo. Katika sala Kopong alitaja majina ya waliotangulia. Benga, macho amefumba, aliwashukuru wale ambao hawakuwa na majina: mikono iliyofunga nyuzi zile Gujarat bila kujua zinakwenda wapi, na waliozivusha maji. Alishukuru kwamba kilichokatika ni hariri tu, si ndoa ya mwanawe. Kisha akavipokea vipande, akavitundika juu ya jiko bila mfuko, bila hata kapu, moshi uvipate.

Jua lilikuwa kali lori lilipowashwa kumpeleka Ose kwa mumewe. Hariri ilikuwa imeacha unga mwekundu, mwembamba kama poda, kwenye shingo ya Ose, na jasho lilikuwa limeanza kuushusha mstari mmoja kuelekea mgongoni. Benga alimwona kutoka mlangoni. Lori likapinda penye mteremko, mkono wa Ose ukainuka kufuta shingo, ukasimama hewani, kisha ukashuka bila kugusa.