Mkubwa Ameingia

Kuna familia zilizomalizwa na pombe, na nyingine na ugomvi wa urithi. Yetu ilimalizwa na penseli, na aliyeishika ni kaka yangu wa tumbo moja.

Alikuwa mchora ramani za majengo. Kompyuta zilipojaa ofisini kwao, bosi alimshukuru kwa utumishi wake kisha akamwonyesha mlango. Akarudi kwa mama na rula zake, penseli zake za rangi na karatasi za miraba. Mkono uliozoea kuchora haukubali kukaa bure, basi akabandika karatasi ukutani sebuleni, akaanza kuchora bei ya hisa za kiwanda kimoja kidogo cha misumari, kila jioni soko la hisa likishafungwa. Nukta leo, nukta kesho. Juu ya nukta akapitisha mistari miwili: wa kijani ulikuwa wastani wa bei ya siku chache zilizopita, mwekundu wastani wa miezi mingi. Chini kabisa alisimamisha vinguzo, kirefu siku hisa zilipouzwa kwa wingi, kifupi siku soko lilipolala.

"Wa kijani ukiuvuka mwekundu kwenda juu, nunua," alitufundisha. "Ukiuvuka kwenda chini, uza, hata kama roho inauma. Na mkiona bei inapanda huku vinguzo vinarefuka, jueni mkubwa ameingia."

"Mkubwa gani tena?" mama aliuliza.

"Wenye pesa, mama. Wanaojua tusiyoyajua. Sisi kazi yetu ni kufuata nyayo."

"Na misumari yenyewe inanunuliwa?"

"Hilo lisikusumbue. Kila kitu kimo ndani ya bei."

Mama alitikisa kichwa. Ana presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshazimika, na la pili lilikuwa linaonea kwenye kitundu kidogo tu, kwa hiyo ukuta ule aliusikia kwa maneno. Daktari alitaka lipasuliwe, na pesa za upasuaji mama alikuwa akizikusanya kidogo kidogo. Kila jioni aliuliza, "Unapanda?" na kaka alimjibu kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Na kweli ulipanda. Wa kijani uliuvuka mwekundu, kaka akanunua kwa kiinua mgongo chake, na wiki ile ile bei ikasogea. Akatuita wote: binamu fundi wa friji, mjomba mlinzi, shangazi mwenye saluni. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema. Binamu akanunua, kinguzo kikarefuka. "Mmeona? Mkubwa ameingia!" Shangazi akanunua, bei ikapanda tena. Mjomba, ambaye hata kiatu hununua baada ya kukizunguka mara tatu, akanunua. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Mimi ni dobi. Nafulia kwenye chumba cha kupanga kando ya barabara, chenye tangi, mfereji wa maji machafu na meza ya pasi iliyochongwa kufuata ukuta. Kwa miaka nilikuwa naweka akiba ili siku moja ninunue chumba kile kiwe changu. Niliitia akiba yote kwenye misumari. Kinguzo cha siku ile kilikuwa kirefu hata kaka akaongeza karatasi.

Kisha mwenye nyumba akaja na habari zake. Anauza. Muuza simu wa jirani yuko tayari na pesa taslimu, lakini kwa kuwa tumetoka mbali, ananipa nafasi ya kwanza hadi mwisho wa mwezi.

Sikuwa na wasiwasi. Nilikwenda kwa wakala wa hisa nikaweka hisa zangu sokoni, nikarudi kupiga pasi nikiimba. Siku zikapita. Nikarudi kuuliza, nikaambiwa nisubiri. Nikapunguza bei, nikapunguza tena. Kimya. Siku uvumilivu uliponiishia niliegemea dirisha la dada anayehudumia wateja nikamwambia sitoki hapo mpaka anieleze.

"Hakuna mnunuzi, dada yangu."

"Bei si ile pale kwenye ubao?"

"Ile ni bei ya aliyenunua mara ya mwisho. Haina maana kwamba kuna mwingine anataka." Alishusha sauti. "Hisa za kiwanda hiki zilikuwa zinakaa wiki nzima bila kuguswa. Halafu mkaja ninyi. Kaka yako, fundi, yule mzee mlinzi, mama wa saluni, na wewe. Hakuna mwingine aliyenunua."

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Mkubwa aliyeingia alikuwa dobi. Alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku na fundi asiye na karakana. Tulikuwa tunafuata nyayo, na nyayo zilikuwa zetu, tunazunguka nyumba ile ile. Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi tulikaa mezani wote.

Nilimweleza kaka. Nilimweleza kwa kelele, nikiwa nimeshika rula yake, na sijui kwa nini sikuivunja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wa kijani bado uko juu," alisema. "Vumilia."

"Nivumilie wapi? Barabarani? Na tangi langu?"

Mama alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwenye sauti zetu. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi.

Wiki ya mwisho ya mwezi yule dada wa dirishani akanipigia simu. Hisa zangu zimepata mnunuzi. Zote, kwa bei niliyoitaka mwanzo, kabla sijapunguza. Pesa zilipoingia sikuuliza kitu. Nilikimbia kwa mwenye nyumba, tukatia sahihi, akanikabidhi ufunguo wa pili ambao miaka yote alikuwa akiukatalia. Niliubusu kama mwendawazimu.

Nilipofika kwa mama, kaka alikuwa amesimama ukutani akipaka rangi kinguzo kipya, kirefu kuliko vyote.

"Nilikwambia," alisema bila kugeuka. "Mkubwa ameingia."

Siku ile nilimsamehe. Nilimkalia mama miguuni nikamwonyesha ufunguo, akaupapasa meno yake moja moja. Nikamwambia Jumatatu nafunga kazi, nampeleka hospitali kwenye upasuaji wa jicho.

"Hatuendi," alisema mama.

"Kwa nini hatuendi?"

Penseli ya kaka ilisimama. Hapo ndipo nilipojua, kabla hajafungua kinywa mtu yeyote.

"Ulisema hakuna mnunuzi," alisema mama. "Nimekuwa mnunuzi. Ningekupa mkononi ungekataa, nakujua. Nilimwomba kaka yako anipeleke."

"Mama, daktari alisema jicho halisubiri! Likizima halirudi!"

"Nilimsikia. Mimi nikipofuka nitakaa kwenye kiti hiki hiki. Wewe ukitolewa pale, unajua kazi gani nyingine?"

Nilimgeukia kaka. "Na wewe ukampeleka. Ukamshika mkono mwenyewe."

"Chati haiulizi mnunuzi ni nani," alisema, na machozi yakamdondokea shati. "Bei imepanda. Si unaiona? Atauza kwa faida, tutampeleka."

"Amuuzie nani?"

Mwenye nyumba alishaondoka na pesa zangu siku ile ile, na mjini hapakuwa na mtu mwingine aliyetaka misumari ile. Nilibaki sakafuni, ufunguo mkononi, na nilitamani muuza simu angenitangulia.

Mama aliinua uso kuelekea ukutani, lakini mahali pasipo na karatasi, karibu na dirisha.

"Leo hamjaniambia," alisema. "Unapanda?"

Kaka alijifunika uso kwa viganja. Ilibidi nimjibu mimi.

"Unapanda, mama."