Mkono Uliofika Sikioni

Kosa lilikuwa la mkono. Siku Dorca alipopelekwa shuleni, mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Watoto wa miaka mitano huwa hawafiki. Dorca, naye wa miaka hiyo lakini aliyerithi mikono mirefu ya baba yake mvuvi, alilishika sikio na kulivuta. Mwalimu akamwandika miaka saba: mzaliwa wa 1960.

Sasa ilikuwa 1991, na mkono ule ule ulikuwa umemzuilia safari ya kwenda kufanya kazi Uingereza. Cheti chake cha uuguzi kilisema 1960. Pasipoti, iliyofuata kadi ya ubatizo, ilisema 1962. Baraza la wauguzi la huko lilirudisha fomu. Halingemsajili mpaka mtu aliyeshuhudia kuzaliwa kwake aape mbele ya wakili.

Shahidi aliyebaki hai ni mmoja: mama yake, Perez, mwanikaji wa omena, dagaa wa ziwani, huko Luanda Kotieno. Alikuja Kisumu kwa basi la asubuhi, akaketi ofisini kwa wakili Walubengo, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri sindano.

"Mama, huyu ulimzaa mwaka gani?"

Perez alitazama dirishani. "Sikumbuki."

Dorca aligeuka. Mwanamke huyu husimulia uzazi ule kila masika, hata kwa wateja waliokuja kununua samaki tu! Kisha akaelewa. Miaka minane wodini aliitamani safari hii. Lakini utamsihije mama akupe ruhusa ya kumwacha?

Walubengo, mtu wa utani, akafungua kalamu. "Basi tuandike sitini, Mama. Mwaka wa ukame. Ng'ombe wamekonda, na wewe huna hata tone la maziwa la kumnyonyesha."

"Nani hakuwa na maziwa?" Perez aliruka kitini. "Bwana wakili, ulikuwepo? Ukame gani! Ziwa lilipanda mpaka jikoni kwangu, samaki wa ngege wakaogelea kati ya mafiga! Nilimzaa juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa mawe, nikamshika hivi, usiku na mchana, maji yasinichukulie. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Andika!"

Akajiziba mdomo. Walubengo alikuwa ameshaandika.

Alisogeza kidau cha wino polepole. "Bila dole gumba, Mama, haya ni hadithi tu."

Perez alimgeukia bintiye. "Huko kuna ziwa?"

"Kuna mto, Mama."

"Mto hupita tu, nyathina, mwanangu." Akachovya dole, akalikandamiza kwenye karatasi, akakawia kulinyanyua.

Jioni, kwenye steji, basi la kurudi kwao liliponguruma, Perez alitoa kichwa dirishani. Hakupunga. Alipitisha mkono juu ya kitambaa chake cha kichwa, akashika sikio la upande wa pili, akalivuta, akacheka huku machozi yakimtoka. Dole lake lilikuwa bado jeusi.

Dorca naye akapitisha wake. Basi lilikata kona, na wapita njia wakamtazama muuguzi mzima amesimama vile, hataki kuliachia sikio.