Hija kwa Bei ya Wastani

Mohdhar alizitia pesa za hija ya mamake katika hisa za kiwanda cha saruji, na kiwanda kikafa. Hakuibiwa. Hakulazimishwa. Alifanya mwenyewe, mchana kweupe, akiwa na akili timamu na simu yenye chaji.

Pesa zilikuwa laki tano na elfu themanini. Laki tatu na nusu zilikuwa zake, alizozikusanya neti kwa neti katika kizimba chake cha vitunguu pale Kongowea. Zilizobaki zilikuwa za nduguye Talha wa Likoni, fundi wa mafriji, ambaye kila mwisho wa mwezi alivuka na kumletea kidogo alichojaliwa, akisema, "Kaka, weka, wewe ndiye mkubwa." Mkubwa akaweka.

Tatizo ni kuwa hija haimngoji mtu. Kila mwaka ajenti wa safari alipotaja bei, ilikuwa imeikimbia tena akiba yao. Mwaka huo ilisimama kwenye laki saba na nusu, na daktari alikwisha sema kwamba magoti ya mama yao, Bi Nadira, yana mwaka mmoja wa kutembea. Wa pili ni wa kubahatisha. Bi Nadira hakutishika. Nguo zake nyeupe zilikuwa zimeshonwa na kukunjwa juu ya kabati, na kila asubuhi, hapo nyumbani Kisauni, alipanda na kushuka ngazi za nje akishika ukuta.

"Nayazoeza Safa na Marwa," alimwambia mwanawe. "Wewe zoeza mfuko."

Ndipo wastani ukaingia nyumbani. Uliletwa na Ronny, mpangaji wa chumba cha uwani, mtu wa bara mwenye miaka thelathini na kitu, mpakia mizigo kule uwanja wa ndege wa Port Reitz. Ronny alikuwa na hisa zake chache na simu yenye mchoro. Jumapili moja barazani alimfungulia mwenye nyumba mchoro ule.

"Huu mstari unaoyumba kama mlevi ni bei ya kila siku," alisema. "Huu mwingine, huu mpole, ni wastani. Unachukua bei za siku mia mbili zilizopita, unajumlisha, unagawanya kwa mia mbili. Kesho unatupa ile ya zamani kabisa, unaingiza ya kesho, unagawanya tena. Ndiyo maana unatembea polepole, mzee. Hauna presha."

Mohdhar alielewa haraka kuliko ilivyokuwa salama. Shule aliiacha darasa la sita, lakini wastani alikuwa ameuishi miaka thelathini. Vitunguu vya Tanzania vikimiminika, bei huanguka. Mvua ikikata barabara, bei hupaa. Mwisho wa yote hurudi pale pale katikati, kwa kuwa binadamu hajapata njia ya kupika mchuzi bila kitunguu. Nyumba ile alimoketi aliijenga kwa kununua chini ya pale katikati na kuuza juu yake.

"Kwa hivyo bei ikiwa chini ya mstari mpole," alisema, "mali ni rahisi."

"Zii, mzee. Mimi nikiona bei imezama chini ya huo mstari, nahepa. Hapo kampuni inaumwa."

"Ndiyo maana mimi nina nyumba na wewe umepanga."

Ronny akacheka sana, kwa sababu kodi ya mwezi ule alikuwa hajalipa.

Kwa juma zima Mohdhar aliikagua mistari ya makampuni kama anayemtafutia bintiye mchumba, mpaka akaipata Saruji ya Mawe Saba. Bei shilingi kumi na mbili, wastani shilingi kumi na tisa. Shilingi saba nzima chini ya mstari! Kongowea, bei kama ile ingewafanya watu wakanyagane. Na kwa kuwa pesa za hija si pesa za mchezo, alikwenda kwanza kwa maalim wa mtaa kuuliza kama saruji ni halali. Maalim alisema kuwa saruji ni halali. Kama ni halali kutumia amana ya mtu bila kumwambia, hilo Mohdhar hakuliuliza. Mtu hawachoshi wanazuoni kwa maswali mengi.

Akampigia dalali wa hisa, akanunua elfu ishirini.

Mkewe, Barke, alipata habari kwenye sinia la wali, katikati ya tonge.

"Kwa nini ni rahisi?" aliuliza.

"Barke, Kongowea hatuulizi swali hilo."

Na ni kweli, hawaulizi. Lori likishusha vitunguu kwa bei ya chini, mnunuzi mzoefu hununa kama aliyeletewa takataka, kisha hulipa upesi. Ukiuliza kwa nini bei iko chini, umemwamsha mwenye lori. Ataanza kujifikiria, na mtu akianza kujifikiria hupandisha bei.

"Hamuulizi, lakini mwatia mkono," alisema Barke. "Nimekuona mimi kwa macho yangu. Neti ya juu huitazami. Waingiza mkono kwenye neti ya chini kabisa, waminya, kisha wanusa vidole. Hii saruji umetia mkono wapi?"

Mohdhar alimweleza kwamba kampuni si gunia. Ilikuwa na ripoti yake ya mwaka, iliyotumwa kwenye simu, kurasa mia na arobaini. Naye alikuwa amesoma jalada lote, lenye picha ya mwenyekiti akitabasamu mbele ya tanuri. Deni la benki lilikuwa ukurasa wa tisini na kitu, chini kabisa, pale ambapo vitunguu vilivyooza hukaa siku zote.

Bei ilishuka hadi shilingi nane. Mtu mwingine angeingiwa na hofu, lakini Mohdhar aliingiwa na furaha ya mfanyabiashara. Alinunua elfu ishirini nyingine. Ikashuka hadi tano. Akanunua elfu thelathini na sita, na hapo pesa zikaisha, jambo ambalo pekee ndilo lililomwokoa na ushindi mkubwa zaidi.

"Sasa kila hisa imenigharimu chini ya shilingi nane," alimtangazia Ronny uwani, ambaye alikuwa akianika suruali. "Nilianzia kumi na mbili. Unaona? Nashuka nayo."

"Mzee, hata mstari mpole umeinama. Cheki. Ulikuwa kumi na tisa, saa hii ni kumi na moja."

"Si ndiyo vizuri? Unaifuata bei."

"Lakini ulisema bei ndiyo itaufuata mstari."

"Watakutana njiani," alisema Mohdhar. "Maliza nguo zako, kamba inataka kutumiwa na wenye nyumba."

Kisha bei ikasimama. Ilisimama kwenye shilingi tatu, na kila asubuhi Mohdhar alipofungua simu kati ya neti zake za vitunguu aliikuta pale pale, shilingi tatu, imetulia kama maji ya mtungini. Mlevi alikuwa ameacha ulevi. Mohdhar alinunua halwa, akaipeleka nyumbani, akasema kuwa soko limefika chini na sasa ni kupanda tu. Bi Nadira alikula vipande viwili na kumwombea dua. Alikuwa na furaha. Asubuhi ile alipanda ngazi zote bila kushika ukuta.

Ajenti wa safari alipiga simu juma lililofuata. Nafasi zilikuwa zikijaa, malipo yote yalitakiwa kabla ya mwezi kwisha. Mohdhar akamwambia dalali auze kiasi, hata kwa hasara, ili angaa arubuni itoke na hilo pengo lingine akope.

"Niuze wapi?" dalali aliuliza.

"Sokoni."

"Bwana, hujasikia? Mawe Saba imesimamishwa kuuzwa. Wenye benki wameichukua. Hainunuliwi, haiuzwi. Hiyo tatu unayoiona ni bei ya siku ya mwisho."

Kwa hivyo bei haikuwa imetulia. Ilikuwa maiti, na Mohdhar alikuwa ameilia halwa.

Alijaribu mkopo, lakini mkopo wa upesi haukupatikana kwa mtu ambaye nyumba yake haina hati na mali yake nyingine ni vitunguu vya juzi. Siku ya mwisho ya malipo ilipopita, Bi Nadira alikuwa amekwisha jua, kwani Barke hakukubali kumdanganya. Talha aliitwa kutoka Likoni. Akaketi kwenye kiti cha mlangoni, kofia yake gotini.

"Ndoo hapa, Mohdhar," alisema mama.

"Labeka, mama."

"Pesa zangu zi wapi?"

"Ziko kwenye saruji."

"Saruji? Wanijengea kaburi?"

Talha alikuwa akiigeuza kofia polepole.

"Kaka, uliniambia umeziweka mahali salama."

"Ziko salama, Talha. Hazitoki."

"Hazitoki," Talha alirudia. "Wallahi, hilo umesema kweli."

Mohdhar alitoa simu na kuanza kueleza mistari miwili, ule mlevi na ule mpole, jinsi bei ilivyokuwa chini, jinsi mwenye akili angeona. Alieleza vizuri. Mama alimwacha amalize, kisha akauliza swali moja.

"Huu mstari wako ulisema kitu gani kuhusu kesho?"

"Mama, wenyewe ni wa siku zilizopita."

"Basi mimi nna miaka iliyopita sabini na minne. Jumlisha, gawanya, kisha nambie nitakwenda Makka lini." Akanyanyuka akishika ukuta. "Hija ni ya mwenye uwezo. Uwezo nlikuwa nao, mpaka ulipoupigia hesabu."

Mohdhar aliuza haki ya kizimba chake kwa laki nne. Yeye mwenyewe alimpelekea Talha pesa zake, mpaka Likoni. Talha alizipokea, akazihesabu mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote, kisha akafunga mlango. Zilizobaki Mohdhar alimpa ajenti kwa msimu uliofuata. Msimu uliofuata hija ilikuwa laki nane na nusu, na Bi Nadira alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ambacho kinataka mtu wa pili wa kukisukuma, mwenye nauli yake. Hakwenda.

Siku hizi Mohdhar anauza vitunguu kwa kilo, kwenye meza mbele ya nyumba, akivinunua kutoka kwa yule yule aliyenunua kizimba chake. Hutia mkono neti ya chini kabisa. Asubuhi moja alifungua simu kwa mazoea, akaona kwamba siku mia mbili zimetimia na mistari miwili imekutana hatimaye, kwenye shilingi tatu kamili. Kwa kanuni yake mwenyewe, saruji ilikuwa imefika bei yake ya haki. Ronny alikuwa amehamia Kiembeni, kwa hivyo hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Jumla yake ni hii. Laki tano na elfu themanini, ambazo wenye benki walizipita bila kuzisalimia, kwa kuwa wenye hisa hulipwa mwisho na pale mwisho hapakuwa na kitu. Kizimba kimoja Kongowea, cha miaka thelathini. Ndugu mmoja, ambaye sasa humwona Idi kwa Idi na kumpa mkono kama mgeni. Hisa elfu sabini na sita, ambazo bado anazo. Na magoti mawili ya mwanamke wa miaka sabini na minne, ambayo mwaka ule yalikuwa yangali yakipanda ngazi.