Kaseti ya Pili Iko Mlimani

Generose alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza huyo alikuwa kaseti. Ndivyo alivyowaambia wanawake wa Bwegera mtoni, nao wakacheka mpaka bidoni za maji zikawaponyoka, lakini yeye hakuwa akitania sana. Mume wake, Ndihokubwayo, akitoka kwenye mpunga, matope yamemganda magotini, hakuulizia chakula wala watoto. Aliulizia mawe ya redio, yaani betri.

"Mama Ciza, mawe yamekauka?"

Kwa maana mawe yakichoka waliyaanika juu ya bati, kando ya mihogo, na jioni yalikuwa na nguvu ya kusukuma nyimbo mbili tatu kabla sauti za wale wazungu hazijaanza kulegea kama za walevi.

Walikuwa vijana wanne wa Ulaya, nywele mpaka mabegani, na muziki wao wa roki ulikuwa wa zamani hata siku ile Ndihokubwayo aliponunua kaseti zake Bujumbura. Kaseti zilikuwa mbili, maana albamu yenyewe ilikuwa ndefu. Fundi aliyeinakili kutoka kwenye santuri hakupima vizuri. Wimbo mkubwa kuliko zote ulianzia mwishoni mwa kaseti ya kwanza. Gita likapanda, likapanda tena, halafu tak, utepe umekwisha. Gita lilimalizia safari yake kwenye kaseti ya pili.

"Sasa hii ni wimbo gani ya kukatwa shingo?" Generose aliuliza.

"Iko muzuri hivyo," mume akajibu. "Inakufundisha kungoja."

Aliyekuja kuharibu mambo kabisa ni Manassé. Huyu alikuwa mfugaji wa juu kwenye nyanda za mlimani, mwanamume mrefu wa maneno machache, aliyeshuka siku za soko na siagi yake na maziwa. Siku moja alipita mbele ya nyumba redio ikiimba, akasimama, na akaendelea kusimama mpaka maziwa yakaganda, kama Generose anavyosimulia. Kanisa lake halikutaka magita ya dunia. Basi akaomba kaseti moja akaisikilize malishoni, ambako hakuna mchungaji ila yeye.

Kuanzia hapo zikawa zamu. Kaseti moja inabaki Bwegera bondeni, nyingine inapanda mlima. Siku ya soko wanabadilishana. Hakuna kati yao aliyejua Kiingereza, lakini walibishania maneno mpaka ugali unapoa. Manassé aliapa kwamba ule wimbo mrefu unahusu mtu anayemtafuta mtamba wake kwenye ukungu. Ndihokubwayo alisema hapana, ni mkulima anayengoja mvua na miche inageuka njano. Generose aliwapakulia wote wawili huku amenuna.

Siku Ndihokubwayo alipoandika majina yao wawili juu ya kila kaseti, kuonyesha kwamba ni mali yao pamoja, Manassé hakusema asante.

"Kwetu mutu akikupa ng'ombe, asante haitoshe," alisema. "Siku ng'ombe inazaa, unamurudishia ndama. Na hii, nitakurudishia ndama yake."

"Kaseti izae," Generose alisema jikoni, akacheka peke yake.

Halafu vita vikaja. Bonde na mlima vikaacha kuonana. Waliokuwa wakinunuliana maziwa na mchele wakawa wanaogopana, na kutaja jina la mtu wa upande ule kukawa hatari. Siku ya soko ya mwisho Manassé alikuwa amepanda na kaseti ya pili. Ya kwanza ilikuwa mfukoni mwa Ndihokubwayo walipokimbia kwa miguu kwenda Uvira, watoto mbele, godoro kichwani.

Njiani kijana mwenye bunduki akapekua mfuko, akasoma juu ya kaseti.

"Manassé ni nani?"

Generose angeweza kunyamaza tu, kaseti itupwe kichakani, apumzike na mke mwenza. Badala yake alisikia mdomo wake mwenyewe ukijibu.

"Ni mufalme wa mu Biblia, mwanangu. Hizo ni nyimbo za korali. Weye hausomake Biblia?"

Kijana akaona haya, akairudisha. Mbele kidogo Ndihokubwayo alimshika mkewe mkono hadharani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi, na hakuuachia mpaka walipoliona ziwa.

Waliishi Uvira, wakarudi Bwegera, wakakimbia, wakarudi tena. Kila mawe yalipopatikana Ndihokubwayo alicheza kaseti ile ile. Gita linapanda, tak. Kisha anabaki ameinamisha kichwa upande wa redio, kimya, kana kwamba kuna mtu ataitika. Siku nyingine alisema, "Manassé angekuwa amekufa, minye ningejua." Siku nyingine alisema, "Pengine amekufa." Generose alimpenda mume huyu, na roho ilimuuma kumwona hivyo. Aliacha kunung'unika. Hata tochi ya nyumba aliinyima mawe ili redio ipate.

Hatimaye kukatulia kidogo, na wanawake wa mlimani wakaanza kushuka tena sokoni, kwa woga, wakikaa pamoja pembeni. Generose alikwenda pale kila siku ya soko. Alinunua siagi ambayo hakuihitaji na kuuliza polepole kama kuna anayemjua Manassé, yule mrefu, aliyechunga huku akiimba. Nyumbani hakusema neno. Hakutaka kumpa mume tumaini, kisha amnyang'anye.

Mwisho alikuja msichana. Alisimama uani na gudulia la maziwa.

"Minye ni Uwituze," alisema. "Mutoto wa Manassé."

Ndihokubwayo alitoka, akashika mlango, na hakuuliza. Aliogopa jibu. Ikabidi Generose aulize.

"Papa yako?"

"Iko. Mguu ulivunjika wakati tulikimbia, haushuke tena mulima. Lakini iko, anawasalimia."

Ndihokubwayo alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia bila kujificha. Generose akamwekea mkono begani.

"Kaseti yenu haiko," Uwituze akasema, macho chini. "Mto uliibeba. Papa alisema niwaambie hivi: ng'ombe ilikufa, lakini ilikuwa imeisha kuzaa." Akaonyesha redio kwa kidole. "Muwashe yenu."

Mawe yalitolewa juani yakiwa bado ya moto. Wimbo ukaenda, gita likapanda, tak.

Na pale pale Uwituze akalipokea. Alilipokea kwa ule mluzi wa kuita ng'ombe, akauzungusha, kisha akaimba maneno ambayo hayakuwa Kiingereza wala Kinyarwanda cha kwao bali jinsi Manassé alivyoyasikia, pumzi kwa pumzi. Miaka yote ya vita, bila redio, baba yake alikuwa amewaimbia watoto malishoni kaseti ya pili nzima. Ndihokubwayo alifumba macho.

Kisha msichana akakatiza.

"Hapa papa ananyamazaka. Anasema ni ngoma peke yake, na ngoma hakuiweza."

Generose alivuta bidoni tupu, akaiweka katikati ya magoti, akapiga. Alipiga yote, mpaka lile pigo la kuchelewa kabla gita halijarudi. Mume wake alimtazama kama mgeni.

"Mama Ciza. Weye ulijifunza wapi?"

"Kwa bibi mwenzangu," akasema, mikono bado inapiga.

Walipomsindikiza Uwituze, Ndihokubwayo aliitoa kaseti ya kwanza kwenye redio, akaifunga ndani ya kipande cha kitenge, akamkabidhi.

"Mwambie ni zamu yake."

Generose alifungua mdomo amkataze, akaufunga.

Kesho yake jioni redio ilikuwa tupu. Ndihokubwayo alikaa barazani, mawe mkononi, hayana kazi. Baada ya muda akaanza kuuimba mwenyewe ule wimbo mrefu, taratibu, akapandisha gita, akapandisha tena, na alipofika pale utepe ulipokuwa ukiisha akanyamaza, kwa mazoea, kichwa upande.

Jikoni Generose aliweka mwiko chini. Akalipokea gita pale lilipokatika, akaendelea nalo.