Niazime Ubavu

"Umewahi kumgeuza mtu asiyeweza kujigeuza?"

Matroni aliuliza bila kuinua uso. Mbele yake kulikuwa na barua nane za maombi, zote za wanafunzi wa uuguzi, na zote zikiomba kazi ileile ya msaidizi katika wodi ya wazee: kuogesha, kulisha, kubadilisha mashuka, kugeuza. Watatu waliotangulia kuingia usaili walitoka wakitikisa vichwa.

"Ndiyo, matroni," akasema Kitinda, ambaye nyumbani walimwita hivyo kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. "Bibi yangu. Miaka miwili."

Maneno yalimtoka hajayapima. Matroni akainua uso.

"Ulikuwa unamgeuzaje?"

"Kila baada ya saa mbili. Namwambia kwanza, ili asishtuke. Namwambia, 'Bibi, niazime ubavu.' Akishaitikia ndipo namgeuza. Hakupata kidonda hata kimoja."

Matroni akaweka kalamu chini. Alisema amefundisha watu kugeuza wagonjwa mpaka ameota mvi, na hajawahi kusikia mtu anaomba kuazimwa ubavu. Akachekea puani, akafunga faili.

"Jumamosi uanze. Njoo na viatu visivyopiga kelele."

Yote aliyoyasema Kitinda yalikuwa ya kweli, isipokuwa mtendaji. Aliyemgeuza Bibi alikuwa dada yake.

Bibi alipopata kiharusi, ilibidi mtu mmoja abaki nyumbani. Dada akaacha shule, umebaki mwaka mmoja tu amalize, kwa sababu Kitinda ndiye aliyesemwa kuwa ana kichwa. Chumba kikagawanywa kwa pazia. Upande mmoja Dada na beseni lake, upande wa pili Kitinda na vitabu vyake, kola ya sare ameivuta hadi puani kuzuia harufu. Kila akiitwa asaidie, alikuwa na mtihani. Mitihani yake ya miaka ile, ukiijumlisha, ingemtosha profesa. Ile "niazime ubavu" aliisikia kupitia kwenye pazia, asubuhi na jioni, mpaka akaijua kama wimbo wa redioni.

Siku ile ya usaili Kitinda alirudi nyumbani, akamkuta Dada akipiga pasi nguo za watu, kazi aliyoishika tangu Bibi afariki. Kusikia habari, Dada akaiegesha pasi, akapiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta, naye akapiga vingine kumkomoa jirani.

"Walikuuliza nini, mdogo wangu?"

"Mambo ya kawaida tu, Dada."

Dada akaichukua sare mpya, akaipiga pasi mwenyewe. Mikono akainyoosha mara mbili, kola mara tatu.

Jumamosi alikuta neno limemtangulia wodini. Matroni alikuwa ameshawasimulia wote, na wauguzi wakampachika jina papo hapo. "Niazime kafika!" wakasema, na yeye akacheka nao.

Kwenye kitanda cha nne alilala Mwalimu, bibi mstaafu aliyefundisha hesabu miaka mingi. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua upande wake wa kushoto, na nusu ya mdomo, lakini jicho lake la ukali kililiacha, nalo liliwatosha wote. Saa yake ya kugeuzwa ikafika. Sheria ilitaka watu wawili, ila matroni alikuwa akipita, na Kitinda alitaka aonekane.

"Mwalimu, niazime ubavu," akasema kwa sauti ya kusikika, na hapohapo akavuta shuka.

Mwalimu akapiga ukelele. Mkono wake wa kushoto, ule usio na nguvu, ulikuwa umebaki chini yake, na mwili wote ukaulalia. Kitinda akaganda, shuka mkononi. Muuguzi aliyekuwa kwenye kitanda cha pili ndiye aliyekuja mbio, akamrudisha mgonjwa chali, akautoa mkono taratibu. Haukuvunjika. Ulikuwa mwekundu kuanzia kiwiko hadi kiganja.

"Samahani, Mwalimu. Samahani sana."

Mwalimu alihema kwanza. Kisha akasema polepole, kwa ile nusu ya mdomo, "Wewe hujawahi kugeuza hata godoro."

"Umeomba," Mwalimu akaendelea. "Hukungoja nijibu. Basi ulikuwa unaomba nini?"

Matroni aliukagua mkono, akaandika taarifa, akamvuta Kitinda kando. Kitinda alijiandaa kufukuzwa, na moyoni alikuwa akiomba afukuzwe. Lakini matroni akamshika bega. "Kiherehere cha siku ya kwanza," akasema. "Kesho kutwa wanakuja wasaidizi wapya wanne. Nataka uwaonyeshe taratibu, kama ulivyokuwa ukimfanyia bibi yako."

Afadhali angetukanwa.

Jioni Dada alikuwa bado kwenye meza ya pasi. Kitinda akasimama mlangoni, viatu visivyopiga kelele vikiwa mkononi.

"Dada, nifundishe kugeuza mgonjwa."

"Kwani shuleni mnafundishwa nini?"

"Tunafundishwa kwa mdoli."

Dada akacheka sana. "Na mdoli halalamiki! Haya, lala hapo."

Kitinda akalala chali kwenye kitanda kilekile alicholalia Bibi. Mikono ya Dada ilikuwa na joto la pasi. Ulitangulia mkono wa upande wa ukutani, ukawekwa mbali na mwili. "Huu ndio wa kwanza, usije ukalaliwa." Halafu goti likakunjwa. "Goti likishakunjwa mtu hana uzito tena. Niazime ubavu."

"Chukua," akasema Kitinda, na akajikuta ameelekea ukutani, hata hajui amefikaje.

Alikuwa haoni uso wa Dada, na pengine ndiyo maana aliweza kusema.

"Kwenye usaili niliwaambia ni mimi niliyemuuguza Bibi. Wewe sikukutaja. Hata hilo neno lako nimelifanya langu, wananiita kwalo." Akasita. "Na leo nimemuumiza mtu."

Kiganja cha Dada kilikuwa juu ya nyonga yake. Hakikuondoka, wala hakikukaza.

"Mwaka ule wa mwisho," Dada akasema hatimaye, "Bibi alikuwa ananiita kwa jina lako. Mwanzoni nilikuwa namwambia, mimi siye, Bibi, yeye yuko kwenye vitabu. Basi analia, anajikaza, hageuziki. Nikachoka kubisha. Akiita jina lako, naitikia. Ni mimi, Bibi, kitinda wako, niazime ubavu. Ndipo ananiachia." Akavuta pumzi. "Amekufa anajua ni wewe."

Kitinda akaliuma shuka. Hatia aliyokuwa ameibeba tangu usaili ilikuwa ndogo; hii ndiyo ilikuwa yake, na ilikuwa imemsubiri kitandani pale miaka yote.

"Amka," Dada akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira wala ya msamaha. "Nionyeshe ulichoshika. Hao watu wako wasije wakavunjwa mikono."

Wakabadilishana nafasi. Dada akajilaza chali, akafumba macho. Ilimjia Kitinda kwamba huyu hajawahi kugeuzwa na mtu yeyote. Akautoa mkono wa ukutani, akauweka mbali na mwili. Akalikunja goti. Akaweka viganja, kimoja begani, kimoja kwenye nyonga.

"Dada. Niazime ubavu."

Dada hakuitikia. Kifua chake kilipanda, kikashuka. Juu ya meza, shati la mtu lilikuwa limenyooshwa mkono mmoja, wa pili bado. Kitinda hakuvuta. Alisimama pale, viganja vyake vimetulia juu ya mwili wa dada yake, akingoja.