Meno ya Kitana Juu ya Wafa

Jumatano asubuhi Frida aliinamia hadubini kwa mara ya nne, akanyanyua kichwa. Mstari ulikuwa umekatika tena.

Mstari wenyewe haukuzidi unene wa unywele. Alikuwa akiuchora kwa mwanga juu ya wafa, yaani kisahani chembamba cha silikoni kinachong'aa kama kioo. Unakipaka dawa iitwayo resisti, unakifunika kwa mchoro, unawasha taa. Ukikiosha, dawa iliyopigwa mwanga inaondoka, iliyokuwa kivulini inabaki. Mistari iliyobaki ndiyo ingekuwa kalibu, yaani umbo la kumiminia kifaa chake cha kupimia sumukuvu kwenye mahindi. Ijumaa saa nne msimamizi wake angekuja kuiona. Asipoikuta, utafiti wote ungegeuzwa kuwa wa kompyuta tu, na Frida hakutoka kwao Kihesa kuja Mbeya ili abonyeze vitufe kuhusu mahindi ambayo hatayagusa.

Wafa zilikuwa tatu, na zote zilikwisha kutumiwa na Shadrack, mwanafunzi aliyemaliza mwezi Mei. Mpya zisingefika kabla ya Novemba. Frida alizisafisha kwa asetoni, kisha kwa alkoholi, mpaka akaweza kujitazama nyusi. Alibadilisha chupa ya resisti. Alipunguza kasi ya mashine ya kuisambaza. Aliipima taa upya. Bado mstari ulibanduka vipande vipande, tena kwa nafasi zilezile, kama mtu anayetembea kwa kuhesabu hatua.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Liberatus, fundi sanifu wa maabara, mzee wa Kalenga ambaye hata Agosti huvaa sweta mbili chini ya koti jeupe.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu kwa lugha ya kwao wote wawili.

"Kamwene, baba. Usiniulize."

"Sijauliza. Uso umeshanijibu."

Alichukua wafa moja iliyosafishwa, akaishika ukingoni, akaitazama kwa upande huu na ule. Aliona kijivumbi. Basi mkono wake ukafanya kile ambacho huifanyia miwani yake kila siku: akaisogeza mdomoni, akaihemea haaa, akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso.

"Mzee! Unaihemea wafa?"

"Kuna vumbi hapa..."

"Kwa leso, tena! Wewe unayetufukuza humu tukipiga chafya!"

Frida alimdaka kifundo cha mkono. Ndipo macho yake yakaanguka kwenye ule ukungu wa pumzi. Katikati ya wafa, pasipoonekana kitu hapo kabla, palikuwa na meno. Meno marefu, yamepangana sawasawa, kama ya kitana. Yakafifia, yakapotea.

"Hema tena."

"Sasa unaniagiza kosa?"

"Hema, baba!"

Akahema. Meno yakarudi. Frida akakimbilia daftari aliloliacha Shadrack, akafungua ukurasa wa mchoro, akapima nafasi ya jino na jino. Kisha akapima mahali mistari yake ilipokatika. Namba zililingana.

"Ni mchoro wa Shadrack," alisema polepole. "Haujaondoka. Resisti yangu ikifika juu ya jino, haishiki."

"Lakini umeosha kwa asetoni."

"Asetoni inaondoa resisti mbichi. Hii imeiva." Akamgeukia. "Baba, wafa hizi zilikaa wapi tangu Mei?"

Liberatus alivua miwani, akaivaa tena.

"Kwenye hotipleti."

"Ikiwa imezimwa?"

"Frida, baridi ya hapa Iyunga unaijua. Juni nzima na Julai mikono haishiki hata bisibisi. Nilikuwa naiwasha kidogo, ya kuota moto. Nikaona na hizi nazo zipate joto, zisishike unyevu."

"Kwa miezi miwili?"

"Nilizihifadhi."

"Ulizikaanga, baba!"

Mzee alizitazama wafa zile tatu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na Frida naye akashindwa kujizuia; walicheka mpaka Frida akashika meza. Alicheka zaidi kwa sababu sasa alijua. Dawa haikuwa imeharibika, taa haikuwa mbovu, wala yeye hakuwa mzembe. Ulikuwa ni ukoko tu, kama wa chini ya sufuria, isipokuwa huu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hadubini yao haikuuona.

"Ukoko unatoka," alisema Liberatus, akifuta machozi. "Asidi ya salfa na peroksaidi. Nami ndiye nitakayezichanganya. Kosa langu, mikono yangu."

Alivaa aproni nzito, glavu ndefu na ngao ya uso, akasimama mbele ya kabati la kutolea mvuke. Peroksaidi aliitia kwenye asidi kidogo kidogo, hana haraka hata chembe, huku Frida akiwa amesimamishwa mbali karibu na mlango. Wafa zilipotoka na kuoshwa, maji yalitandaa juu ya kila moja kama shuka, bila kuvunjika kuwa matone. Frida aliona hilo, akajua ukoko umetoka. Alikausha moja, akapaka, akafunika, akawasha taa, akaosha.

Akainama kwenye hadubini. Alianza mwanzo wa mstari, akaufuata taratibu kwa kuzungusha kirungu cha kusogezea wafa. Ukaenda. Ukakata kona, ukaenda tena.

"Umefika wapi?" aliuliza mzee.

"Nyamaza kwanza."

"Nimenyamaza. Umefika wapi?"

"Mwisho," alisema Frida. "Umefika mwisho, baba. Mzima."

Akakaa kwenye stuli. Liberatus alichungulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akakohoa, akasema mstari umenyooka. Frida alitoa simu, akamwandikia msimamizi wake: "Karibu sana Ijumaa saa nne. Kalibu ipo." Alipoituma, akaanza kuandaa wafa ya pili.